Sanaa Ukosini: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Beji na Viraka

Tangu tulipogusia vipambo vya nguo vinavyotokana na kazi mashuhuri za sanaa, barua zimeendelea kutufikia kuhusu beji za kubana ukosini na viraka vya kushonea. Tumechagua sita. Pale barua mbili zilipouliza jambo moja, tumeijibu ile iliyoeleza shida kwa undani zaidi.

Ndugu Mhariri, nilizawadiwa beji ya enameli yenye sura ya Mona Lisa. Rangi zinang'aa na chuma kimesuguliwa vizuri, lakini mwanamke aliyemo si yule ninayemjua. Anafanana na katuni. Mwenzangu ana beji ya wimbi la Hokusai, mchoraji wa Japani, iliyotoka kwa fundi yuleyule, nayo imekaa sawa na picha yenyewe. Kosa ni la nani? — Mpenzi wa beji

Ndugu yangu, fundi hana kosa kubwa hapa. Kosa limeanzia kwa aliyechagua picha bila kujiuliza kama inakubali kugeuzwa kuwa chuma.

Beji ya enameli huanza na kalibu ya chuma kigumu iliyochongwa mchoro. Kalibu hiyo hugongwa kwa mashine juu ya bamba la shaba au la chuma, na bamba likishagongwa hubaki na kuta nyembamba zilizoinuka pamoja na vishimo vilivyozungukwa na kuta hizo. Kila kishimo hujazwa rangi moja, kisha beji huingizwa kwenye tanuri ili rangi ishike. Katika enameli ngumu, uso wote husuguliwa mpaka rangi na kuta ziwe sawasawa, kiasi kwamba ukipitisha kidole husikii mwinuko wowote. Katika enameli laini rangi hubaki chini kidogo, na kidole huzisikia kuta moja baada ya nyingine. Enameli ya asili ni unga wa kioo unaoyeyushwa kwa joto la takriban nyuzi 800 za Selsiasi, ilhali beji nyingi zinazouzwa leo hujazwa rangi za rezini, aina ya plastiki, zinazohitaji joto la chini zaidi. Kwa mvaaji tofauti hiyo si kubwa. Jambo linalobaki lilelile katika aina zote ni kwamba rangi mbili zikikutana lazima pawe na ukuta kati yao, na ukuta ukiwa mwembamba kuliko robo ya milimita hivi hautoki vizuri.

Sasa mtazame Leonardo da Vinci alivyofanya kazi. Alipaka tabaka nyembamba mno za rangi, moja juu ya nyingine, hata ukitazama pembe za mdomo na za macho huoni kivuli kinapoanzia wala kinapoishia. Tabasamu linalozungumzwa dunia nzima limejengwa kwa kivuli, wala halina mstari hata mmoja. Fundi wa beji akilazimika kuweka ukuta pale ambapo mchoraji hakuweka mstari, tabasamu hilo hugeuka mdomo uliochorwa kwa kalamu, na huyo ndiye mwanamke wa katuni unayemwona. Ongeza suala la ukubwa. Ubao wa Mona Lisa una kimo cha sentimita 77 na upana wa sentimita 53; beji yenye kimo cha sentimita 3 imeupunguza zaidi ya mara 25, kwa hiyo jambo lililochukua milimita 5 kwenye ubao limeachiwa milimita 0.2 kwenye beji, nafasi isiyotosha hata ukuta mmoja.

Wimbi la Hokusai liko upande wa pili kabisa. Lilichapwa takriban mwaka 1831 kwa mbao zilizochongwa: ubao mmoja ulibeba mistari, na mbao nyingine zikabeba rangi, kila eneo likipata rangi yake tambarare. Ukiifikiria njia hiyo utaona kwamba nusu ya kazi ya fundi wa beji ilikwisha kufanywa karibu karne mbili zilizopita. Karatasi yenyewe ina upana wa takriban sentimita 38, hivyo beji ya upana wa sentimita 3.8 inaipunguza mara kumi tu, na makucha ya povu, mashua na Mlima Fuji kule nyuma vyote vinabaki vikitambulikana. Lalamiko langu ni moja: mafundi wengi huchovya kila beji dhahabu kwa mazoea, na wimbi likizungukwa na mistari ya dhahabu hubadilika tabia, kwa kuwa mistari ya chapa yenyewe ni ya buluu iliyokolea. Ukikuta iliyochovywa nikeli nyeusi, chukua hiyo.

Kwa atakayetaka kununua nyingine, zipo picha zilizochorwa kana kwamba fundi wa enameli alikuwa amesimama karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Émile Bernard, Louis Anquetin na Paul Gauguin walianza kuyazungushia maeneo ya rangi tambarare mistari minene ya giza, na mkosoaji Édouard Dujardin, mwaka 1888, akaufananisha mtindo huo na kazi ya enameli. Mchoro wa Gauguin wa mwaka 1889 unaomwonyesha Kristo wa rangi ya njano huingia kwenye beji karibu bila kuguswa. Piet Mondrian naye, kwa mistari yake myeusi na miraba ya nyekundu, buluu na njano, anaonekana rahisi kuliko wote, lakini huharibiwa mara nyingi: mistari yake haina unene mmoja, na fundi asiyelitambua hilo huisawazisha yote na kuiua picha.

Je, Mona Lisa aachwe? La. Anaweza kuchapishwa juu ya bamba bila kuta na kufunikwa kwa rezini angavu, ambapo vivuli vitaonekana ingawa uso utakuwa mdogo. Mimi ningependa zaidi beji yenye umbo lake tu, nywele, mabega na mikono iliyopishana, bila kuuchora uso hata kidogo. Watu watamtambua.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa ubunifu na ninaandaa seti ya vitu vitatu: "Usiku wa Nyota" wa Van Gogh, "Busu" la Klimt na "Msichana Mwenye Hereni ya Lulu" wa Vermeer. Nimeshindwa kuamua kipi kiwe beji na kipi kiwe kiraka, na pia kama nitumie picha nzima au sehemu. — Mwanafunzi

Marahaba mwanangu. Umechagua picha tatu zenye tabia tatu, na nitakujibu kwa kuzifuata moja moja.

Mpe Van Gogh uzi. "Usiku wa Nyota" aliuchora Juni 1889 akiwa katika hospitali ya Saint-Rémy-de-Provence, na kinachouendesha ni mwelekeo wa mapigo ya brashi: anga inazunguka kwa sababu kila pigo linafuata mzunguko. Uzi wa tarizi una tabia hiyohiyo. Mishono iliyolala kushoto hupokea mwanga tofauti na iliyolala kulia, hata kama uzi ni wa rangi moja, kwa hiyo ukielekeza mishono ifuate mapigo ya brashi, anga itasogea kila mvaaji anapogeuka. Hapa ndipo viraka vingi vya picha hii hufeli. Anayeiandaa programu ya mashine hukubali mwelekeo mmoja wa mishono kwa eneo lote la buluu, kwa kuwa ni haraka, na anga yote hulala. Kaa naye, au ujifunze kuiandaa mwenyewe, na uchore mishale juu ya mchoro wako ili kila eneo lijulikane linaelekea wapi. Van Gogh mwenyewe hakuwa mgeni wa nyuzi: Makumbusho ya Van Gogh mjini Amsterdam yamehifadhi kisanduku chake chenye vidonge vya nyuzi za sufu, ambavyo alivitumia kujaribu jinsi rangi zinavyokaa pamoja kabla ya kuzipaka.

Usijaribu kuweka picha nzima. Turubai ina upana wa sentimita 92, na kijiji kile cha chini chenye vidirisha vyake kitageuka madoa ndani ya kiraka cha sentimita 8. Chukua mti ule mrefu wa msaipresi, mzunguko mkubwa wa anga na nyota chache. Punguza na rangi pia. Mashine nyingi za tarizi hubeba sindano 12 au 15, kila moja na uzi wake. Ukizidisha hapo, kazi husimama ili nyuzi zibadilishwe, na gharama hupanda bila jicho kuona faida.

Klimt mpe chuma. "Busu", alilolichora mwaka 1907 na 1908 na ambalo sasa liko katika jumba la Belvedere mjini Vienna, limepakwa dhahabu ya karatasi, na katika beji huhitaji kuiga dhahabu kwa rangi ya njano, kwa kuwa chuma kilichochovywa kinafanya kazi hiyo chenyewe. Acha sehemu kubwa ya joho iwe chuma kitupu, kisha ujaze vishimo vichache tu. Picha yenyewe ni ya mraba wa sentimita 180, ukiileta kwenye sentimita 3 umeipunguza mara 60. Mapambo mengi yatapotea upende usipende. Linda tofauti moja: joho la mwanamume lina mistatili, na vazi la mwanamke lina miduara na maua. Mistatili mitano na miduara mitano inatosha. Nyuzi za dhahabu kwenye kiraka zinavutia dukani, lakini huwasha shingo na huchanika mapema kuliko nyuzi za kawaida.

Vermeer ndiye mgumu, kwa sababu shavu la msichana yule ni kivuli laini, na tumekwisha kuona katika barua iliyotangulia kivuli kinavyokataa enameli. Lakini anayo mambo mawili yanayokuokoa, kilemba cha buluu na njano, na lulu. Ukiitazama lulu hiyo kwa karibu, kama wahifadhi wa jumba la makumbusho la Mauritshuis, ulipo mchoro huo, walivyoichunguza, haina hata kikulabu cha kuishikilia sikioni. Ni mapigo machache ya rangi nyeupe, mng'ao juu na uakisi wa ukosi mweupe chini. Mchoraji mwenyewe alikwisha kuipunguza mpaka ikabaki kidogo kabisa. Tengeneza beji ya kilemba, mstari wa uso usiojazwa chochote, na lulu moja nyeupe. Kama mwalimu wako atasisitiza uso uonekane, basi tumia kiraka cha kufumwa badala ya cha tarizi: nyuzi zake ni nyembamba zaidi, hakina mwinuko, na hubeba vivuli vidogo ambavyo sindano ya tarizi haiwezi.

Jambo la mwisho: maandishi. Kwenye tarizi, herufi zenye kimo chini ya milimita 5 hivi hujifunga na kuwa vidonge vya uzi. Jina la mchoraji na la picha liweke kwenye kadi ya nyuma.

Ndugu Mhariri, klabu ya sanaa ya shule yetu inataka kutengeneza beji na kuziuza ili kununua rangi na turubai. Wanafunzi wamependekeza Van Gogh, Munch, Picasso, Dalí na Frida Kahlo. Wapo wanaosema picha maarufu ni mali ya kila mtu, na wapo wanaosema tutashtakiwa. — Mwalimu wa sanaa

Mwalimu, umaarufu wa picha hauhusiani na hakimiliki. Kinachohesabiwa ni mwaka aliofariki mchoraji. Mkataba wa Berne, wa kimataifa kuhusu hakimiliki, unazitaka nchi wanachama kulinda kazi za msanii kwa muda usiopungua miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza ikawa 70. Muda huo huanza kuhesabiwa Januari 1 ya mwaka unaofuata kifo. Kwa hiyo Van Gogh, aliyefariki mwaka 1890, hana tatizo popote, wala Munch, aliyefariki mwaka 1944, katika nchi zenye hesabu ya miaka 50 au 70. Henri Matisse, ambaye hamkumtaja lakini vipande vyake vya karatasi zilizokatwa vinafaa mno kwa beji, alifariki mwaka 1954, na katika nchi za miaka 70 ulinzi wake ulikwisha mwaka 2024 ulipomalizika. Picasso alifariki mwaka 1973, hivyo katika nchi hizo analindwa hadi mwisho wa mwaka 2043; Dalí, aliyefariki mwaka 1989, hadi mwisho wa mwaka 2059. Marekani ina hesabu yake kwa kazi za zamani, miaka 95 tangu zilipochapishwa, na Meksiko imeweka miaka 100 baada ya kifo, muda mrefu kuliko nchi nyingine. Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko, alifariki mwaka 1954, na mbali na hakimiliki, jina lake limesajiliwa kama alama ya biashara. Wanafunzi wanaompenda wamchore kwenye daftari. Beji ya kuuza iwe ya mwingine.

Nchi yenu inahesabu miaka mingapi ni jambo la kuthibitisha katika ofisi ya hakimiliki kabla ya kulipia kalibu. Kuomba kibali hakuna aibu, na wasimamizi wa kazi za wasanii hupokea maombi ya aina hiyo kila siku.

Swali ambalo wengi hulisahau ni la picha ya kamera. Mchoro unaweza kuwa huru na bado mtu akadai haki juu ya picha aliyoipiga kwa kamera. Mwaka 1999 mahakama ya shirikisho mjini New York iliamua kwamba picha inayonakili kwa uaminifu mchoro bapa ulio huru haina hakimiliki mpya, na Umoja wa Ulaya ukaweka kanuni inayofanana katika agizo lake la mwaka 2019. Hata hivyo njia ya amani zaidi ni kuanzia kwa makumbusho yaliyokwisha kufungua milango. Metropolitan Museum of Art ya New York iliziachia huru picha za kazi zake zisizolindwa mwaka 2017 kwa matumizi yoyote, biashara ikiwemo, na Art Institute of Chicago ikafuata mwaka 2018. Rijksmuseum ya Amsterdam nayo hutoa picha kubwa zenye ubora wa kumwezesha mwanafunzi kuona ufa wa rangi.

Na msichukue beji ya mtu mwingine mkainakili, hata kama inatokana na picha ya Van Gogh. Picha ni huru, lakini namna fundi yule alivyoichora upya, mistari aliyoiacha na rangi alizozichagua, ni kazi yake. Kwa klabu ya sanaa nadhani hili ni jambo la furaha, kwa sababu linamlazimisha kila mwanafunzi kurudi kwenye mchoro wa asili na kuamua mwenyewe atoe nini.

Mhariri, wateja wananiletea viraka vyenye gundi nyuma niwapigie pasi. Juu ya jinzi vinashika, lakini juu ya jaketi za mvua vinabanduka baada ya kufuliwa, na jaketi moja limeungua. Nifanyeje? — Fundi cherehani

Fundi, jaketi la mvua halikubali pasi. Nailoni huweza kulainika na kuharibika kwa joto la pasi la kuyeyusha gundi ya kiraka, na kitambaa kilichopakwa dawa ya kuzuia maji hakiipi gundi mahali pa kushika. Ngozi nayo iweke kundi hilo. Vitambaa hivyo vishone kwa mkono au kwa mashine, na kwenye jaketi la mvua kumbuka kwamba kila tundu la sindano ni njia ya maji, kwa hiyo shona mfukoni au ukosini badala ya begani.

Kwenye pamba na jinzi, ondoa mvuke katika pasi, weka kitambaa chembamba juu ya kiraka, kandamiza bila kuburuza kwa sekunde 20 hadi 30 kwa joto la takriban nyuzi 150, kisha geuza nguo ukandamize upande wa ndani. Usiguse ukingo mpaka kipoe kabisa. Wengi huinua pembe kutazama kama kimeshika, na papo hapo ndipo gundi inapoachia. Baada ya hapo, shona ukingo hata hivyo. Gundi ichukulie kuwa ya kukishikilia kiraka kisihame unaposhona. Uzi ulingane na rangi ya mzunguko wa kiraka, na mishono iingie ndani ya ule ukingo mnene ili isionekane. Kiraka kilichokatwa kwa leza hakina ukingo huo, hivyo tumia mishono midogo sana au uzi angavu. Mteja umwambie afue nguo ikiwa imegeuzwa nje ndani, kwa maji baridi.

Mhariri, mimi ni mzee niliyestaafu, na nimezoea kuiheshimu sanaa. Naona vijana wanabandika mikono ya Michelangelo kwenye mabegi na sanamu za kale kwenye kofia. Je, huku si kuzishusha hadhi kazi kubwa? — Msomaji wa siku nyingi

Shikamoo Mzee wangu. Swali lako lina uzito, na jibu langu haliko upande mmoja.

Kuvaa kipande kidogo cha kitu kikubwa ni desturi ya zamani kuliko makumbusho yenyewe. Katika Ulaya ya zama za kati, mahujaji waliofika Canterbury, Uingereza, kwenye kaburi la Askofu Mkuu Thomas Becket aliyeuawa mwaka 1170, walirudi na beji za madini ya risasi na bati zilizomiminwa katika kalibu za mawe, wakazibana kwenye kofia na majoho. Aliyevaa hakuwa akiudharau mji ule. Alikuwa akisema amefika. Vibati vidogo vya rangi ambavyo Metropolitan Museum iliwapa wageni kama tiketi tangu mwaka 1971 hadi mwaka 2013 vilifanya kazi inayokaribiana na hiyo, na watu wengi waliondoka navyo ukosini. Wapo pia wasanii waliotaka iwe hivyo. Keith Haring aligawa beji za michoro yake bure katika vituo vya treni za chini ya ardhi za New York, na mwaka 1986 akafungua duka lake mjini humo ili mtu asiye na fedha za kununua mchoro aondoke na kitu mkononi.

Mikono ya Michelangelo, basi, hainikeri. Kukatwa kwake kutoka dari la kanisa dogo la Sistine huko Vatikani, ambalo alilimaliza mwaka 1512, ni uamuzi mzuri wa ubunifu: pengo lile dogo kati ya vidole viwili, cha Mungu na cha Adamu, ndilo kiini cha tendo zima, na linaonekana hata kwa sentimita mbili. Kinachonikera ni mtu kuiweka picha ya ibada mahali pa kukaliwa au pa kukanyagwa. Hilo si suala la ukubwa wa kazi.

Mahali ninapokubaliana nawe zaidi ni kwenye vitu vilivyochukuliwa kwa nguvu. Barakoa ya pembe ya ndovu ya Malkia Idia wa ufalme wa Benin, katika Nigeria ya leo, kazi ya karne ya 16, ilitengenezwa kama kidani, kitu cha kuvaliwa, kwa hiyo kuivaa kwenyewe hakuipingi asili yake. FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa Kiafrika la mwaka 1977 mjini Lagos, liliichukua kuwa nembo, na ikawa fahari ya wengi. Lakini barakoa za aina hiyo zilitoka Benin baada ya uvamizi wa Waingereza mwaka 1897, na zilizo maarufu zaidi ziko London na New York. Beji ya Idia inayouzwa na kadi iliyoandikwa tu "barakoa ya Kiafrika" imemnyang'anya jina mara ya pili. Ningemshauri kila mtengenezaji aandike kwenye kadi ni nani, ni kazi ya wapi, ya karne gani, na iliondokaje. Ni mistari minne.

Mhariri mpendwa, nina maswali mafupi. Beji yangu inazunguka na kuning'inia kichwa chini, nyingine imeanguka nisijue wapi, na kwenye blauzi ya hariri imeacha matundu. Pia shingo inaniwasha. — Mama mpenda vipambo

Mama, beji inayozunguka ina msumari mmoja. Nunua zenye misumari miwili, hasa zikiwa pana kuliko sentimita 2.5 hivi. Iliyoanguka bila shaka ilikuwa na kishikizo cha chuma cha kubana kwa mabawa, ambacho hulegea kadiri kinavyotumika. Badilisha uweke cha mpira, au kile chenye kufuli kinachofunguka kwa kuvutwa, ambacho hufaa zaidi kwenye mkoba unaosuguana na watu. Kwenye hariri weka kipande kidogo cha kitambaa kizito upande wa ndani ili msumari usivute nyuzi, au tumia beji ya sumaku, isipokuwa kama wewe au mtu unayembeba kifuani ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo.

Kuwashwa huenda kukawa ni nikeli, ambayo huwadhuru watu wengi wenye ngozi nyepesi na hutumika sana chini ya mchovyo wa dhahabu. Muulize muuzaji kama mchovyo hauna nikeli, na beji uivae juu ya kitambaa chenye mikunjo miwili, mbali na shingo. Kama kuna watoto wadogo nyumbani, vile vishikizo vya mpira viweke juu; ni vidogo vya kutosha kumkaba mtoto.